Pampu ya joto haipashi, haipoozi au inakula umeme? Anza na hewa, gesi iwe ya mwisho

Pampu ya joto ya kwanza niliyokuwa nayo nyumbani ilijazwa gesi mara 3 ndani ya mwaka na miezi kidogo, kila fundi akija anafunga geji (kipimo cha presha), anasema gesi imepungua, anajaza, chumba kinapata joto, tunashukuru, baada ya miezi michache tunarudi pale pale. Siku moja nikachukua sabuni ya vyombo na brashi nikapaka povu kwenye zile nati za mabomba kwenye mashine ya nje, nati moja ikaanza kuvimbisha mapovu taratibu kama inapumua. Yaani nati tu, haikufungwa vizuri tangu siku ya kwanza. Kuanzia hapo nikaanza kujifunza kuzifungua hizi mashine, kuzisafisha na kuzipima, na nilichokiona nyumba baada ya nyumba ni kwamba watu wanaikimbilia gesi wakati shida mara nyingi ipo kwenye hewa: filta imeziba, koili (yale mabomba yenye bati nyembamba ambamo gesi inapita) chafu, kitu kimewekwa mbele ya mashine, au ni remoti tu imepangwa vibaya. Kwa hiyo naenda kwa dalili, na kwenye kila dalili naanza na sababu ambayo we mwenyewe unaweza kuiona kwa macho kabla hujaita mtu.

Kwanza tuelewane kitu kimoja manake bila hiki mengine hayataeleweka. Pampu ya joto haitengenezi joto, inalihamisha. Ni kiyoyozi kile kile unachokijua, kompresa (inayosukuma gesi), koili ya ndani, koili ya nje, ila ina valvu inayogeuza njia ya gesi. Kukiwa na joto inalitoa ndani inalitupa nje, kukiwa na baridi inageuka, inachota joto lililomo kwenye hewa ya nje na kuliingiza ndani, na ndiyo, hata hewa ya nyuzi 0 bado ina joto la kuchotwa. Ndo maana uniti 1 ya umeme inaweza kukupa uniti 3 au zaidi za joto nje kukiwa na nyuzi 7 hivi, wakati hita ya waya inakupa 1 kwa 1 na hapo imefika mwisho wake. Sasa mashine ambayo kazi yake yote ni kuhamisha joto kutoka kwenye hewa moja kwenda nyingine, ukiinyima hewa umeinyima kazi.

Inapuliza lakini hewa ni vuguvugu

Hii ndo naulizwa kuliko zote. Na mara nyingi mashine ni nzima kabisa. Ngozi ya mkono wako ina nyuzi 33 hivi, pampu ya joto inatoa hewa ya nyuzi 35 mpaka 45, siku za baridi kali hata chini ya hapo, na hewa ya nyuzi 35 ikikupiga kwa kasi unaiona kama haina joto. Aliyezoea hita ya waya au moto wa jiko lazima aone kama ameibiwa. Usipime kwa mkono, pima kwa kipimajoto.

Fanya hivi: weka feni juu, kama ni kupasha panga nyuzi 30, kama ni kupooza panga 16, ili mashine ya inveta (ile inayobadilisha kasi ya kompresa yenyewe) isijipunguze kasi wakati unapima, acha dakika 15 au 20, afu pima pale hewa inapoingia na pale inapotoka. Kwenye kupooza tofauti ya nyuzi 8 mpaka 12 ni nzuri. Kwenye kupasha inakuwa kubwa zaidi, 10 mpaka 20 hivi kutegemea na baridi ya nje. Sasa sikiliza hapa manake ndo wengi wanapopotea: tofauti ikiwa NDOGO mashine haihamishi joto la kutosha, hapo ndo unaweza kuanza kuwaza koili ya nje, kompresa, gesi. Lakini tofauti ikiwa KUBWA kupita kiasi na huku upepo ni dhaifu na chumba hakibadiliki, hiyo ni hewa haipiti, nenda kwenye filta moja kwa moja. Na tofauti ikiwa nzuri, upepo mzuri, ila chumba bado baridi, basi mashine yako inafanya kazi yake na joto linatoroka, angalia milango, dirisha lisilofunga, dari isiyo na kizuia joto, au mashine ni ndogo kwa ukubwa wa chumba.

Kabla ya yote hayo angalia alama kwenye remoti. Jua ni kupasha, chembe ya theluji ni kupooza, tone la maji ni kukausha hewa. Nimeitwa na watu wenye uelewa wao, mashine iko kwenye tone la maji siku ya baridi. Halafu kama mashine moja ya nje inahudumia vyumba kadhaa, kwenye mifumo mingi ya kawaida vyumba vyote lazima viwe upande mmoja, mmoja akiwasha kupooza na mwingine akaja kuwasha kupasha, huyu wa pili mashine yake itakaa tu inasubiri na taa inapepesa, haijaharibika.

Na ukiwasha kupasha feni ya ndani isipopuliza mara moja usishtuke, inasubiri koili ipate joto kwanza isije ikakupulizia baridi. Dakika 3 mpaka 5.

Filta yenyewe ni dakika 10 za kazi. Zima mashine, fungua kifuniko cha mbele, zitoe, osha kwa maji ya kawaida na sabuni laini kama zina mafuta, ziache zikauke kivulini kabisa ndo uzirudishe. Msimu wa kutumia sana fanya kila wiki 2 mpaka 4, nyumba yenye paka au mbwa usizidishe wiki 2. Ukishazitoa mulika tochi ndani utazame na lile gurudumu refu la feni, likiwa na vumbi limeganda kwenye vile vipande vyake kama manyoya upepo unapungua sana hata filta ikiwa safi, na hilo kulisafisha kunahitaji kufungua mashine na kukinga maji yasifike kwenye bodi ya umeme, hapo bora aje mtu anayejua.

Barafu kwenye mashine ya nje

Ukungu mweupe wa barafu kwenye koili ya nje wakati wa baridi ni kawaida. Ili koili ichote joto lazima iwe baridi kuliko hewa ya nje, kwa hiyo nje kukiwa nyuzi 3 zenye unyevu koili yenyewe iko chini ya 0, unyevu unaganda juu yake. Mashine inajua, kila baada ya muda (inaweza kuwa nusu saa, inaweza kuwa saa na nusu) inageuza njia ya gesi, inaipasha koili ya nje, barafu inayeyuka, maji yanamwagika. Wakati huo feni ya nje inasimama, ndani hakupulizi, unasikia sauti ya shwaaa pale valvu inapogeuka, na mvuke unapanda juu ya mashine mpaka mtu akiwa mbali anadhani ni moshi. Dakika 5 mpaka 10 inarudi. Usiizime katikati!! Nimeona watu wanakimbilia breka, wanaikatisha kabla haijamaliza, barafu inabaki nusu, ikiwaka tena inaongezeka juu ya ile ya zamani, wakizima tena ndo wanazidi kuiharibu.

Isiyo ya kawaida ni hii: barafu nene kama tofali, imefunika koili yote, iko hivyo tangu jana. Hapo sababu ni koili imejaa uchafu na majani, feni ya nje haizunguki, maji ya kuyeyusha hayana pa kwenda kwa sababu mashine imekaa chini kabisa au tundu za chini zimeziba yakaganda tena pale pale, sensa ya joto ya koili imekufa au imechomoka kwenye kishikizo chake kwa hiyo mashine haijui kama kuna barafu, au gesi pungufu, ambayo dalili yake huwa barafu upande mmoja tu wa koili na upande mwingine mkavu. Kuiyeyusha zima umeme umwagie maji ya kawaida au ya vuguvugu, yasiwe ya kuchemka. Wala usigonge kwa nyundo wala kisu, zile bati nyembamba zinapinda kwa kidole tu na nyuma yake kuna bomba la gesi.

Kuna wanaosema basi pampu za joto hazifai penye baridi. Sikubaliani, nchi za Ulaya zenye pampu nyingi zaidi kwa idadi ya kaya ni Norwei, Uswidi na Ufini, na hakuna atakayesema kule ni joto. Zinachofanya ni kuchagua mashine iliyotengenezwa kwa baridi hiyo na kuinyanyua kwenye stendi ili theluji isiizike.

Barafu ndani, wakati wa kupooza

Hii haina ukawaida wowote. Koili ya ndani ikiganda ni ama hewa haipiti juu yake, filta, feni, au umefunga matundu ya hewa kwenye mfumo wa mabomba makubwa ya hewa ukidhani unaokoa umeme, ama gesi ni pungufu. Zima kupooza, acha feni peke yake ifanye kazi masaa kadhaa mpaka iyeyuke yote, weka taulo chini manake maji yatakuja mengi. Osha filta. Washa tena. Ikirudi kuganda na filta ni safi na upepo ni mzuri, sasa ndo ruhusa ya kuwaza gesi.

Hilo la gesi

Nataka nilikalie kidogo hapa kwa sababu ndo watu wanapopotezea hela zao. Gesi kwenye hii mashine haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikifungwa vizuri inaweza kukaa pale maisha yote ya mashine. Kwa hiyo mtu akikwambia "gesi inapungua kidogo kidogo kila mwaka, ni kawaida", sio kawaida, kuna pahali inavuja. Akijaza bila kutafuta panapovuja amekukopesha miezi tu.

Sehemu za kuanzia kutazama ni zile nati zinazounganisha mabomba ya shaba na mashine, ndani na nje. Ukiona mafuta mafuta yamelowesha kwenye nati au vumbi limegandia mafuta hapo, basi ndo penyewe, manake gesi inatembea na mafuta ya kompresa na ikivuja inayaacha. Povu la sabuni linaonyesha uvujaji mkubwa, ule mdogo fundi anatoa gesi iliyobaki, anapandisha presha kwa naitrojeni kavu, anaacha imekaa akiangalia kama geji inashuka. Akishatengeneza anavuta vakyumu kwa pampu, yaani hewa yote inyonywe itoke mabombani, sio kufungua gesi kidogo kusukuma hewa itoke, afu anajaza kwa MIZANI kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Kujaza kwa kuangalia presha tu kwenye mashine ya inveta ni kubahatisha, kasi ya kompresa inabadilika na presha inabadilika nayo. Na siku za baridi mashine ikiwa inapasha, bomba nene ambalo wengi wanafungia geji linakuwa limebeba gesi ya moto yenye presha kubwa, huwezi kulisoma kama vile unavyolisoma wakati wa kupooza.

Muulize pia anajaza gesi ipi. Mashine za zamani zina R-22, ambayo inabomoa tabaka la ozoni na ikaanza kuondolewa kwa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, zilizofuata R-410A, mpya nyingi R-32, na zinaongezeka zenye R-290 ambayo ni propani. Hazichanganywi wala hazibadilishani. R-32 inaweza kushika moto japo kwa shida, R-290 inashika vizuri sana, kwa hiyo hizo hazichezewi na mtu asiyefunzwa. Na kuiachia gesi hewani sio jambo dogo, kilo 1 ya R-410A inapasha dunia sawa na kilo 2,088 za kaboni dayoksaidi kwa hesabu ya miaka 100, R-32 ni 675. Mi hilo linaniuma, kwamba tunafunga hizi mashine ili tupunguze kuchoma mafuta na makaa halafu tunaacha nati inavuja.

Bili imepanda

Hapa sababu ni nyingi na nyingine ni tabia zetu. Kubwa kuliko zote kwenye mifumo yenye hita ya ziada, ile ya waya inayosaidia baridi ikizidi, ni kwamba hita inawaka bila we kujua. Thamostati (kile kifaa cha kupangia joto la nyumba) nyingi zinaonyesha maneno au taa hita ikiwa imewaka, ukiiona inawaka nje kukiwa na nyuzi 8 kuna kasoro: ama pampu yenyewe imekufa na hita ndo inabeba nyumba nzima (nyumba ina joto, hamna anayelalamika, bili ndo inalalamika), ama kuna mtu alibonyeza hali ya dharura akasahau, ama unaizima mashine usiku au ukitoka na ukirudi unaipandisha nyuzi 6 kwa mpigo, thamostati ikiona pengo kubwa hivyo inaita hita isaidie. Pampu ya joto inapenda mwendo wa taratibu usiokatika. Usiku punguza nyuzi 1 au 2, basi, nyumba iliyofunikwa vizuri haipoi sana.

Kupanga 30 ili chumba kipate joto "haraka" hakusaidii kihivyo, kinachotokea ni chumba kinapitiliza na we unafungua dirisha. Panga unachokitaka, 20 au 21 kwa kupasha, 25 au 26 kwa kupooza, feni iache kwenye otomatiki au juu, sio ile ya chini kabisa, manake feni ikiwa chini sana kompresa inalazimika kufanya kazi kwa presha kubwa zaidi kutoa joto lile lile.

Tazama na mashine ya nje, nyuma na mbele yake. Mtu kajenga kibanda kizuri cha mbao kuificha, hewa baridi inayotoka inazunguka na kuingia tena nyuma, mashine inachota joto kwenye hewa ambayo imeshachotwa. Vua hicho kibanda. Ukikosa kipimo kwenye kitabu chake acha walau sentimita 30 nyuma na mita 1 na zaidi mbele.

Inawaka na kuzima kila dakika chache

Mashine kubwa kuliko chumba ndo sababu ya kwanza, na samahani hii hairekebishiki kwa spana, inashiba chumba haraka inazima, chumba kinapoa inawaka, kila kuwaka kuna gharama yake na kwenye kupooza inaacha unyevu, unakuwa na chumba baridi chenye majimaji. Ila kabla ya kuhukumu ukubwa tazama thamostati imekaa wapi, ikipigwa na jua au na hewa ya mashine yenyewe inadanganyika. Na filta, tena, ikiziba kwenye kupasha presha inapanda mpaka mashine inajizima kujilinda.

Haiwaki kabisa

Betri za remoti. Breka. Swichi ya nje ukutani kama ipo. Umeme ukikatika na kurudi, kompresa inajichelewesha dakika 3 hivi makusudi ili presha isawazike, usibonyeze bonyeze. Umeme ukiwa mdogo, taa za nyumba zinafifia, mashine za inveta nyingi zinakataa kuwaka na kutoa namba ya hitilafu, hapo tatizo sio mashine. Breka ikianguka irudishe mara MOJA, ikianguka tena iache chini, kuna shoti au kompresa imekwama. Kwenye mashine zisizo za inveta ukisikia nje inanguruma mmmm halafu inakatika bila kuzunguka, mara nyingi ni kapasita, ni kifaa cha bei rahisi kubadilisha lakini kinashika umeme hata ukiwa umezima breka na kinaweza kukuua, usikiguse kama hujui kukitoa chaji.

Maji ndani, kelele, harufu

Maji yanayodondoka ukutani wakati wa kupooza: paipu ya maji imeziba kwa utelezi au kiota cha mdudu, ivute kwa mashine ya kufyonza maji upande wa nje. Au mashine imeinama upande usio wa paipu. Au koili iliganda inayeyuka, rudi juu kule.

Milio ya tik tik ni plastiki inatanuka, achana nayo. Kukwaruza kwa chuma sio kwa kuachia. Harufu ya soksi chafu ni ukungu kwenye koili na gurudumu, safisha, na ukimaliza kupooza acha feni dakika 20 ikaushe. Harufu ya vumbi kuungua siku ya kwanza ya msimu hita ya ziada inapowaka hupotea yenyewe, ila ya plastiki au waya kuungua zima kwenye breka sasa hivi.

Kama yako inapasha maji ya radieta au ya sakafu

Radieta (zile paneli za ukutani zinazopitisha maji ya moto) kuwa za vuguvugu ndo inavyotakiwa. Sakafu inatosheka na maji ya nyuzi 35 hivi, radieta 45 mpaka 55, na kila nyuzi unayoiongeza unalipia. Mashine hizi zina mpangilio unaoongeza joto la maji kadri nje kunavyopoa, ushushe kidogo kidogo, siku 2 au 3 kila hatua, mpaka chumba kigumu kuliko vyote kianze kuwa baridi, afu rudisha hatua moja. Ikilalamika mtiririko mdogo, chujio la maji limejaa kutu au kuna hewa kwenye mabomba, toa hewa kwenye radieta za juu na tazama presha, ikiwa baridi iwe kati ya baa 1 na 2. Chumba kimoja kikikataa kupata joto wakati vingine viko sawa usiguse mashine, ni valvu ya radieta hiyo imeganda au ina hewa.

Ukifika mahali pa kumuita fundi, mpigie picha namba ya hitilafu kabla hujazima breka kwa sababu mashine nyingine zinaifuta, picha ya kibandiko cha mashine ya nje, na zile nyuzi ulizopima za kuingia na kutoka, pamoja na nyuzi za nje siku hiyo. Akianza kufunga geji kabla hajafungua filta wala kutazama koili, muombe aanze na hizo.